Siku ya Kupimwa Sukari

Nikisikia harufu ya spiriti kwenye pamba, mawazo yangu hurudi uwanja wa kanisa letu, ng'ambo ya mji wa Runyenjes. Ibada ilikuwa imeisha, na wahudumu wa afya wa kijiji walikuwa wanapima watu sukari bure. Mama aliketi, akatoa kidole. Mhudumu, jirani yetu, aliangalia mashine, akaona sukari iko juu, kisha akamshika mabega na kumgeuza atazamane na watu.

"Mnaona huyu mama? Chapati kila siku na chai ya sukari nyingi. Mkiendelea hivyo mtakaa kama yeye."

Watu wakacheka. Mama akanitafuta kwa macho, akanikuta nacheka pia, kwa sababu rafiki zangu walikuwa wanacheka.

Tulipofika nyumbani alisema tu, "Hapo sirudi."

Hakurudi, wala hospitalini hakwenda. Kidonda kilipomtokea mguuni alikifunga kitambaa, akavaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, akaendelea kuchuma kahawa ili yule jirani asijue. Soksi zake nilikuwa nafua mimi. Niliona usaha miezi mingi kabla hajakatwa mguu, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilimwonea Mama aibu.