Sauti Yangu Ilizima Redio ya Kwetu

Niliamini kwamba mnara wa redio hula mawingu. Naam, mimi, mtu mzima mwenye cheti cha shule ya usiku! Fundi cherehani mmoja hapa Dubai, mtaa wa Satwa, akinipunguzia suruali, aliniapia kwamba kwao waliuangusha mnara, mvua ikanyesha mpaka samaki wakaingia jikoni. Nikaimeza nzima nzima.

Kwetu ni jangwani, mpakani kabisa. Redio yetu ndogo ilikuwa imesimamisha mnara mpya, na mvua imetususa. Nilitaka ushahidi gani tena?

Jamani, nilikosa! Nilirekodi sauti kwenye kundi la ukoo, nikanguruma kama waziri: "Zimeni hicho chuma!" Ukiwa Dubai, kwetu utaaminika hata ukisema jua ni chapati. Hawajui kwamba huku Garhoud kazi yangu ni kufungua geti la hoteli.

Kesho yake mdogo wangu Abdi akapiga simu. "Kaka, tumekata nyaya! Hata kuna kawingu kanachungulia."

Tukacheka. Ee Mungu wangu, nilicheka!

Haukupita muda, akapiga Halima, mtangazaji. Yeye ndiye hutangaza kila asubuhi kisima gani kina maji na ngamia wa nani kapotea.

"Wewe wa Dubai, umefurahi? Mashine ya kisima cha mpakani imekufa. Watu wako njiani na mifugo. Niwaambie kwa mdomo gani?"

Mama alikuwa ametoka alfajiri na mbuzi kwenda kisima hicho hicho! Simu hana. Ana redio anayoifunga shingoni mwa punda, na ikinyamaza hudhani betri zimechoka.

"Abdi, rudisha nyaya! Mama yuko huko!"

"Lakini kaka, kale kawingu..."

"Achana na kawingu!"

Nyuma yangu madam msimamizi anafoka, "Yalla, haraka, geti!" Magari yanapiga honi, mimi nalia.

Jua lilikuwa limeinama redio iliporudi. Abdi aliweka simu yake karibu na spika ili nisikie. Baada ya kila wimbo Halima alitaja jina la mama na kumwomba yeyote aliye karibu na kisima ampelekee maji, na mimi nilitoka jasho la kujaza bwawa la hoteli. Mwishowe mchunga ngamia mmoja alisikia, akamfuata na maji.

Alimkuta amelala kivulini mwa punda. Yu hai, alhamdulillahi. Lakini mbuzi wake, aliowalea kama watoto, karibu wote walibaki mchangani. Mimi ndiye niliyewaua.

Wenzangu mlio huku, kabla hamjaagiza jambo nyumbani, waulizeni kwanza wanaoishi huko! Sauti zetu zinafika kwao na uzito tusioujua.

Mama alipopata nguvu nilimpigia kwa simu ya Abdi, nikamweleza yote, mpaka ya yule fundi. Nilingoja anilaani. Akasema taratibu:

"Mwanangu, mnara ni chuma tu. Mvua haijanyesha kwa sababu ni kiangazi."