Chupa Iliyokwanguliwa kwa Wembe

Ile dawa tuliibeba sisi wenyewe. Gari la mradi wa msaada lilikwama kwenye matope, kati ya mashamba ya mpunga ya Luberizi, tukajitwika makatoni vichwani mpaka kituo cha afya. Mwenye gari alitamka wazi: sindano za malaria, za watoto wenu, bure. Hilo neno bure mimi siliamini. Nimepona vita, nimepona kipindupindu, na kila mara kulikuwa na mtu aliyekula juu ya mgongo wetu.

Wiki ileile mjukuu wangu akashikwa na homa. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Nikambeba mbio. Infirmiye mkuu wa kituo, muuguzi tunayemwita dokta na wala si dokta, akamgusa paji la uso.

"Mama, huyu anaomba sindano sasa hivi. Lakini hapa zimeisha."

"Zimeisha namna gani? Si tulizileta juzi?"

"Weye ndiye unachunga stoki yangu? Enda farmasi ya pale barabarani. Haraka, mutoto anatutoka hivi!"

Farmasi ya pale barabarani ni ya mke wake. Nani asiyejua? Niliacha simu yangu rehani, mwanamke akanipa chupa ndogo iliyoviringishwa katika karatasi ya daftari.

"Na katoni yake iko wapi?"

"Mama, unauguza mutoto ao unauguza katoni?"

Waliokuwepo wakacheka. Njiani nikaifungua. Lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, gundi bado inanata vidoleni. Sokoni kwetu wanaouza unga wa msaada hugeuza gunia, maandishi ya "si ya kuuzwa" yakalala ndani. Hila ni ileile.

Nilirudi maneno yamenijaa kinywani. Lakini mkono wa kutafuta mshipa wa mtoto ulikuwa wa yule mwizi peke yake. Nikimtukana, ataniambia mpeleke hospitali ya Uvira, na Uvira ni mbali, mtoto hafiki. Nikamkabidhi ile chupa.

"Aksanti, dokta."

Nikamsimamia pale pale, namkodolea macho anavyovuta dawa kwenye bomba la sindano. Mtu anayeuza cha bure, nani amemkataza kuongeza maji?

Jioni mjukuu alifungua macho akaniomba uji. Ndipo nikatoka barazani, walipopanga mstari akina mama na watoto wao, nikainua ile chupa tupu. Nikasema kwa sauti, na hapa naandika tena: infirmiye anaiba, mke wake anauza, na prezida wa komite ya afya, mwenye ufunguo wa pili wa stoki, anakula nao.

Mama mmoja, mwenye mtoto anayewaka homa mgongoni, akanivuta kitenge.

"Dada, nyamaza kwanza. Miye bado sijaingia kwa dokta."