Majani ya Mkindu Juu ya Meko

Kabla hata sijamimina nitrojeni ya kimiminika kwenye kinu, nilijua nimeharibikiwa. Nilivunja jani moja kwa vidole na likanuka moshi. Moshi wa kuni, ndani ya maabara ya chuo kikuu! Nikasaga tu, kwa hasira. Jani lililohifadhiwa vizuri, ukilisaga kwenye ile baridi kali, hutoa unga wa kijani laini. Langu lilitoa unga wa kahawia kama ugoro.

Lilikuwa jani la mkindu wa kijito chetu, huku nyumbani karibu na Kaplong. Kila mji wenye ng'ombe kwetu unaujua mti huo. Kijiti cha kuti lake hupondwa ncha mpaka kiwe kama brashi, halafu ndicho kinasugua kibuyu kabla ya mursik, maziwa yetu ya mgando, kutiwa. Sisi tunakiita sosiot. Mimi nilikuwa natafuta, kwa DNA, kama mikindu ya mabonde yetu ni ukoo mmoja au kila mto una wake. Wa kwetu ulikuwa wa mwisho kwenye kijito kile, na nyanya yangu aliukuta hapo alipoolewa.

Nilichuma majani machanga mwenyewe, nikayapangusa, nikayakata vipande na kuvitia kwenye vifuko vitupu vya majani ya chai. Vifuko nikavizika ndani ya mfuko wa chembe za silika, zile za bluu zinazokunywa unyevu na kugeuka rangi ya waridi zikishashiba. Nikaacha mfuko kwa mama na kwenda Kiptere kuchuma majani ya mikindu mingine. Ilikuwa nirudi kesho yake. Mvua ilinyesha, barabara ikawa tope tupu, nikakaa huko siku nne.

Niliporudi nilibeba mfuko mbiombio bila kuufungua.

Sasa nilikuwa maabarani na unga wa ugoro. Nilifuata hatua zote hata hivyo, kwa ukaidi. Kwenye jeli, pale DNA hujitokeza kama mistari, mikindu ya Kiptere ilionyesha mistari yake safi. Safu ya kwetu ilikuwa nyeusi tupu, kana kwamba nilikuwa nimetia maji ya bomba.

Hasira niliyopanda nayo gari la kwenda nyumbani sijawahi kuwa nayo tena. Maana kurudi kuchuma mengine haikuwezekana. Kaka yangu alikuwa ameshaukata ule mkindu na kung'oa shina, akapanda chai mpaka kwenye ukingo wa maji. Nilikuwa nimewachukia wote wawili, yeye na mama niliyemwachia mfuko, kabla sijafika Sotik.

Mama alikuwa akikamua. Sikumwamkua.

"Nani alifungua mfuko wangu?"

"Ni mimi," alisema, bila kugeuka. "Hizo mawe zako zilikuwa zimebadilika rangi, na majani yalikuwa yanaanza kuoza. Nikaona utapata hasara. Nikayatundika juu ya meko, pale tunawekanga sosiot, ndio yakauke vizuri. Yakikauka nikayarudisha."

Nilimfokea. Nilimwambia moto unaua kile nilichokuwa nakitafuta, kwamba ameniharibia kazi ya mwaka mzima, kwamba mtu hagusi kitu asichokijua. Hili la mwisho nalisikia mpaka leo, na linanichoma. Mwanamke ambaye amekausha vijiti vya mkindu maisha yake yote nilimwambia hajui mkindu.

Aliinua ndoo ya maziwa, akaiweka mbali na mguu wa ng'ombe.

"Na huyo mwanao mwingine," nikaendelea, "alishindwa kungoja? Mti mmoja tu! Nani alimwambia aukate?"

Hapo ndipo alinigeukia.

"Mimi nilikataa," alisema. "Nilimwambia huo ni mti wa nyanya yenu, asiuguse. Tulikosana wiki nzima. Mwisho akasema, basi tumuulize yule anasoma miti, akisema ubaki, utabaki. Mimi nikakubali, nikajua wewe utakataa. Akakupigia simu mbele yangu, nikiwa hapa hapa."

Nilifungua mdomo kumwambia hakuna simu kama hiyo. Kisha nikaikumbuka. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula chuoni, sahani mkononi, watu wakinisukuma kwa nyuma. Kaka alisema kitu kuhusu mti wa kule chini. Nilimwambia akate tu, mimi nimeshachukua majani yangu.

Mama alichukua ndoo yake akaingia nayo jikoni.