Damu ya Watu Watatu

Usiku ule Kwandu hakulala. Asubuhi yake Rwekaza, daktari wa hospitali ya kambi ya wakimbizi, angeleta majibu ya damu kijijini kwao Bugarama, na Kwandu alikuwa ameshaamua: damu ya Niragira ikifanana na ya mumewe, mwanamke yule ataondoka siku hiyohiyo.

Niragira alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mjane, aliyewalimia maharage kwa mwaka wa pili sasa na kulala katika jiko lao la nyuma. Pancras, mume wa Kwandu, alipeleka ndizi kambini kila wiki. Mwezi wa nne alijitolea kutoa damu huko, wakamwambia ana kirusi cha homa ya ini, ile iitwayo C. Tangu hapo Kwandu alinusa mashati ya mumewe na kutazama nani anacheka na nani shambani.

Maneno ya Rwekaza yalizidi kumchochea. Alieleza kwamba kirusi hicho kina aina kadhaa, na maabara ina vipande vidogo vilivyotengenezwa kwa mfano wa kila aina. Mtu akishaambukizwa, kingamwili zilizo katika damu yake hushika kipande cha aina aliyokutana nayo na kuviacha vingine. Kwandu akadai wapimwe wote watatu. Siku ya kutoa damu alifunga uzi kwenye kila chupa kwa mkono wake: mwekundu wa Pancras, mweusi wake mwenyewe, mweupe wa Niragira.

"Unaogopa nitakuibia, Mama Suzan?" Rwekaza alicheka, huku akiandika rangi hizo kwenye fomu.

"Naogopa mtachanganya," alisema Kwandu. " Chupa zenu ni nyingi."

Sasa Rwekaza alikuwa amefika kwa pikipiki, na wote watatu wakakubali asome mbele yao.

"Uzi mwekundu, aina ya nne. Uzi mweupe, hakuna. Damu ya Niragira haikushika kipande chochote." Akasita. "Uzi mweusi, aina ya nne."

Kwandu akamgeukia Pancras. "Kumbe umeniletea."

"Au wewe ndiye uliyeniletea mimi."

"Karatasi haisemi nani kampa nani," alisema Rwekaza. "Aina hii wanayo wengi huku. Mliwahi kuchomwa sindano nyumbani?"

Pancras alimtazama mkewe. Mwaka mmoja wa malaria kali, kabla wakimbizi hawajavuka mpaka, Kazimili, mchoma sindano wa kijiji, alikuja na baiskeli na bomba moja la sindano la kioo, akawachoma watu wote wa nyumba. Alitaka kuchemsha sindano upya kila amalizapo mtu mmoja. Kuni zilikuwa zimeloa na uji wa watoto haujaiva, na Kwandu ndiye aliyemwambia maji yametosha, aepue sufuria, aendelee na sindano ileile.

Niragira aliinuka, akakung'uta kitenge, akaenda jikoni na kujifungia. Kwandu alimfuata.

"Niragira, fungua."

"Nafunga mzigo wangu, mama."

"Nani kasema uondoke?"

"Tangu mwezi wa nne unahesabu vijiko nikishaviosha. Unadhani sioni?"

 Hata pale Kwandu aligeuka kutazama kama Pancras naye anamfuata Niragira huku nyuma.

"Mimi ndiye niliyemharakisha Kazimili," alisema mwishowe. "Wewe hukuwepo."

Ndani, kamba ilivutwa, ikakazwa. Mlango haukufunguka.