Bastola ya Babu na Jivu la Ayeyo

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Lakini wiki ile hata wewe usingelala kama ungejua kilichokuwa chini ya kitanda cha ayeyo.

Ayeyo ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mjane wa askari Msomali aliyepigana vita vya kwanza vya Wazungu, kisha akapewa mahali pa kukaa hapa Isiolo. Miaka ya themanini ilikuwa imeanza tu. Serikali ilitangaza kwamba mwenye silaha airudishe kabla ya Ijumaa, na atakayepatikana nayo baadaye asilaumu mtu. Siku hizo Msomali mwenye bunduki aliitwa shifta tu, yaani jambazi wa porini, hata awe mzee wa msikiti. Basi Jumatano, tukinywa chai, ayeyo akasema, "Kuna ile bastola ya babu yenu."

Baba aliweka kikombe chini. Alikuwa na lori la kupeleka unga Merti, askari wote wa barabarani walimjua. "Mama, unataka nifungwe?"

Tulimwita abti, kaka wa mama yangu, aliyewahi kutengeneza silaha jeshini, akafika Alhamisi asubuhi. Akatuambia tusiogope, umri wa bastola husomeka kama wa ngamia kwenye meno, mradi ujue pa kuangalia. Akaikunja katikati, ikafunguka. Akatuonyesha pete ya kamba chini ya mpini. "Huu ni mtindo wa zamani. Lakini polisi hatasikia habari ya mtindo. Atataka taji la mfalme na mwaka, na huwa wamevigonga hapa juu ya matundu ya risasi. Akiuona mwaka, nani atasema ni ya shifta?"

Akaisogeza dirishani.

Iling'aa kama sufuria mpya. Hapakuwa na taji, hapakuwa na mwaka.

"Nani amesugua hii?"

"Mimi," ayeyo akajibu, tena kwa fahari. "Kila Idd, na vyombo vyangu vingine. Jivu na mchanga. Ningeacha kitu chake kishike kutu?"

"Ayeyo, umetumaliza!" nilipiga kelele. Mungu anisamehe, nilimkasirikia sana. Nilimwona baba tayari amefungwa pingu, na lori limeozea uani.

Abti aliomba bisibisi. "Chini ya mpini jivu halifiki," akasema. Mbao za mpini zilipotoka, chini yake palikuwa na kutu, na ndani ya kutu, taji dogo na mwaka wa vita. Upande wa ndani wa ubao mmoja, babu alikuwa amechonga kwa kisu alama ya ngamia wake.

Baba aliipeleka asubuhi ile ile, mbao zikiwa mkononi. Inspekta aliusoma mwaka, akaguna, akaiweka kabatini na mbao zake zote. Baba alirudi nyumbani kwa miguu yake, alhamdulillahi.

Tulishangilia sote isipokuwa ayeyo. "Nilidhani ninamtunza," alisema. "Kumbe nilikuwa ninamfuta."

Idd iliyofuata alisugua sufuria, birika, sinia, mpaka vikaisha. Jivu lilibaki kwenye kopo. Akaniuliza kama hakuna kingine cha kusugua.