Dari ya Nyumba Yenye Magurudumu

Wazungu waliokuja kulima karanga walipofungasha virago, mume wangu, seremala wa hapa hapa Nachingwea, alinunua nyumba yao moja ya bati. Ilikuwa ya chumba kimoja, yenye magurudumu, waliyokuwa wakiivuta kwa trekta kutoka shamba hadi shamba. Alirudi akitembea kwa madaha kama aliyeoa mke wa pili. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, sikucheka.

Mama yangu, aliyekaa Naipingo, alipata habari mapema. Akatuma ujumbe kwamba mjukuu wake hatalala ndani ya sufuria. Angekuja mwezi ukiandama kuikagua nyumba, na isipomridhisha ningerudi kwake, nijifungue huko na nikae huko huko. Mama hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Nami mume wangu nilimpenda, nasema wazi, kwa hiyo niliogopa.

Tukaanza na kuta. Yeye alitaka kupaka rangi ya mafuta, ile ya matrekta. Nikamwambia bati likipakwa rangi hubaki bati. Ukuta mimi naujua: udongo mweupe wa mtoni, samadi kidogo, na kiganja. Nilikandika siku mbili huku naimba, kuta zote hadi juu kwenye dari. Bati lilikuwa laini kama sahani, udongo haukuwa na pa kushika, lakini ubishi wangu ulikuwa mwingi. Siku ya tatu jua lilipokolea, bati likaanza kulia, ta, ta, ta, udongo ukabanduka kutani, na ule wa dari ukatushukia tukiwa tunakula. Mume wangu akaopoa bonge kwenye bakuli la mchicha, akaniuliza kwa upole kama limeiva. Nilinuna hadi jioni, kisha nikacheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Kwenye kufunika kuta kwa magunia tukaelewana. Alifunga fremu za mbao, akayavuta magunia yakakaza, nami nikayapaka chokaa iliyotiwa chumvi. Kuta zikapendeza. Dari ikabaki wazi kwa sababu yeye alitaka mbao za makasha, na mimi sikutaka kulala kama maiti sandukuni. Tukiwa bado tunabishana, mama akafika.

Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, na chumba kimoja hakina pa kujificha. Mume wangu akaruka nje kupitia dirishani. Mama akaingia, akapapasa magunia, akanusa chokaa, akatazama juu kwenye bati tupu.

Kisha akafungua kamba aliyofungia kifurushi chake. Ncha moja akaishikilia kwenye kona ya dari, nyingine akanipa niitoe nje ya dirisha la upande wa pili.

“Mwambie mkwe wangu aishike,” akasema. “Mkeka wa dari hii nitausuka mwenyewe. Mtoto akilala chali, aone kazi ya bibi yake.”

Nikaitoa ncha dirishani huku machozi yakinitoka, nikampa mume wangu ujumbe. Nilipochungulia nje, mume wangu alikuwa amegeuka mgongo kwa adabu, ile kamba ameikamata kwa mikono yote miwili. Ilibidi nimwambie mara tatu kwamba mama amekwisha kupima, aiachie.