Mfupa wa Mbuzi Mezani kwa Mwalimu

Mie darasa la nne sikulimaliza, lakini mbuzi namjua. Nimeuza supu hapa Mbagala tangu mama wa huyu mjukuu wangu yuko mgongoni, na goti la mbuzi nalifungua kwa kisu kidogo, sihitaji shoka. Ukilifungua unaona: mwisho wa mfupa wa paja, upande wa mbele, kuna mfereji laini wenye kingo mbili, na ile pia ya goti, kifupa cha duara kinachofunika goti, inateleza humo, juu na chini, haitoki.

Ya mjukuu wangu ilikuwa inatoka. Akigeuka ghafla tu, pia inahamia pembeni, mtoto chini. Hospitali wakampiga picha. Daktari akanieleza kwamba amezaliwa mfereji wake bapa, ukingo wa nje mfupi, hakuna cha kuizuia pia isitoroke. Asikimbie, asipige magoti, afanye mazoezi ya kukaza paja. Akaandika cheti.

Mwalimu wa zamu alikisoma, akasema vyeti siku hizi vinanunuliwa, mtoto anakwepa mchakamchaka. Akampigisha magoti kwenye kokoto mbele ya wenzake. Alirudi nyumbani goti limeumuka kama andazi.

Kesho yake sikupika. Nilichukua mfupa wa paja uliochemshwa ukawa safi, pamoja na pia yake, nikavifunga kwenye gazeti, nikaenda shule, ofisi ya walimu. Mwalimu akaniamkia shikamoo, akanivutia kiti. Sikukaa. Nilifungua gazeti juu ya madaftari yake. Mwenzake mmoja akauliza kama bibi kaja na pilipili na ndimu, wakacheka.

"Pitisha kidole hapo," nikamwambia.

Akapitisha.

"Unausikia mfereji?"

"Nausikia, bibi."

"Mjukuu wangu hana huo. Kwake pako kama sahani. Haya, weka hiyo pia juu ya sahani ukimbie nayo, nione kama haitaanguka."

Mwalimu akasema angejua asingefanya. Angejua vipi zaidi? Cheti alikishika mkononi, kimeandikwa na msomi mwenzake. Kumbe karatasi ya daktari haitoshi mpaka muuza supu alete mfupa.

Siku hizi mtoto anakaa kwenye benchi wenzake wakikimbia. Mwalimu aliniomba radhi mie, mara mbili, kichwa kakiinamisha. Nikamwambia aliyepigishwa magoti yuko darasa la sita, mlango wa tatu.

Mpaka leo hajaenda.